Mchezo wa video wa kutoa jasho: namna ya kuuanzisha nyumbani Lubumbashi

Kila Jumapili tukitoka misa, lazima mzazi mmoja anivute pembeni. "Papa, ile mashine ya watoto wako ya kurukaruka uliipata wapi? Na inasaidia kweli, ama ni televisheni ileile kwa jina jingine?" Maswali hayo nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, na kila mara nasahau jambo moja, nalo ndilo linaloenda kuunguza mashine ya mtu. Basi nayaandika yote hapa.

Nazungumzia michezo ambayo mtoto haichezi kwa vidole gumba huku amejilaza kwenye kochi. Mashine inasoma anavyorusha mkono, anavyoruka, anavyochuchumaa. Akitaka kupiga tenisi, anasimama na kuzungusha mkono. Akitaka kucheza ngumi, anatupa ngumi.

Nadharia kidogo tu, kisha tuendelee. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 atumie mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa nguvu ya kumfanya aheme. Kwetu, mvua ikishaanza Novemba, parseli (uwanja wa nyumba) inakuwa tope jekundu na watoto wanaganda mbele ya skrini mpaka Aprili. Hapo ndipo mashine hii inapofaa. Lakini usidanganyike kwamba ukiinunua umemaliza. Mwaka 2012 watafiti wa Houston, Marekani, wakiongozwa na Tom Baranowski, walichapisha matokeo ya jaribio lao: watoto wa miaka 9 hadi 12 walipewa Wii (mashine ya michezo ya kampuni ya Nintendo), wengine na michezo ya kutumia mwili, wengine na michezo ya kukaa, kisha wakaachiwa wacheze nyumbani wapendavyo. Kundi la kwanza halikuonekana kuchangamsha mwili kuliko la pili. Mimi mwezi wangu wa kwanza na mashine niliyaona hayohayo sebuleni kwangu, bila utafiti wowote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuhusu wewe mzazi kuliko mashine.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

Mashine kwanza. Kwa nyumba nyingi za hapa napendekeza Wii ya mkono wa pili. Ni ya mwaka 2006, imezeeka, wauzaji wanaidharau, na hiyo ndiyo faida yako. Haidai intaneti, na diski ya Wii Sports ina michezo mitano ndani yake. Tena hunywa umeme kidogo, takriban wati 18, kwa hiyo pamoja na televisheni ndogo ya LED inaendeshwa na betri ya sola na konvertisa ndogo (kigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) hata umeme ukikatwa. Xbox 360 yenye Kinect ni nzuri zaidi kwa jasho, kwa sababu kamera inamwona mtoto mwili mzima na hashiki chochote. Ila inataka nafasi kubwa, na zile Xbox 360 za mwanzo hula zaidi ya wati 100. Nintendo Switch ni ya kisasa, na Ring Fit Adventure ya 2019 imetengenezwa hasa kwa mazoezi. Kama mfuko unaruhusu, sawa. Jihadhari tu na Switch Lite: haiunganishwi na televisheni na manete zake (vishikio vya kuchezea) hazitoki. Watu wanaibeba kwa furaha kwa sababu ni rahisi, halafu wananipigia simu.

Vingine ni hivi: televisheni, stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti), betri za AA za kutosha (manete moja ya Wii inakula mbili), sehemu tupu ya sakafu, kitambaa cha kufunikia mashine, na maji ya kunywa.

Huna mashine? Usiache kusoma. Pakua video za dansi usiku wakati mega za intaneti ni nafuu, ziweke kwenye flashi, chomeka flashi kwenye televisheni. Mtoto anaigiza, wewe unatoa pointi. Sisemi hivi kukufariji. Just Dance ya Wii inafuata mkono ulioshika manete tu. Wewe una macho mawili na unaona miguu pia.

Mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au mtoto wa SS (selimundu), muulize daktari wake kwanza. Wa SS hasa asichezeshwe mpaka achoke kabisa, asikae na kiu, na asiachwe na jasho kwenye baridi ya Juni.

Hatua kwa hatua

1. Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka chochote.

Hili ndilo jambo ninalosahau kuwaambia watu. Vifaa vinatufikia kwa njia nyingi. Vile vinavyopita mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini havina shida ya volti. Plagi tu ndiyo yenye miguu mitatu minene inayohitaji kiunganishi. Vya Ubelgiji na Ufaransa ni sawa. Hatari iko kwenye kile kilichotumwa na ndugu aliye Marekani au Kanada.

Geuza adapta, tafuta mstari wenye neno INPUT. Ukikuta 100–240V, chomeka bila hofu. Ukikuta 220–240V, chomeka. Ukikuta 120V peke yake, weka chini. Adapta ya Wii ya Marekani na ya Xbox 360 ya Marekani haziwezi umeme wetu.

Mimi Wii ya kwanza niliinunua kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwamba "hiyo inakula umeme wowote". Nikachomeka. Paa! Moshi mwembamba, harufu ya plastiki, na watoto watatu wamekaa sakafuni wananitazama bila kusema neno. Bahati nzuri kilichokufa ni adapta tu. Nilitafuta ya Ulaya, inayotoa volti 12 zilezile upande wa mashine, na Wii ikaamka. Nimeona wengine ambao haikuamka.

Hata adapta ikiwa sahihi, pitisha kwenye stabilizateri. Jioni umeme unalegea, halafu baada ya delestaji (mgao wa umeme) unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua. Umeme ukikatika, chomoa. Subiri taa itulie dakika chache ndipo urudishe.

Diski nazo zina nchi. Wii ya Ulaya haisomi diski ya Marekani, wala ya Marekani haisomi ya Ulaya. Nunua mashine na diski kutoka upande mmoja, na udai kuiona ikicheza dukani kabla hujatoa pesa.

2. Safisha uwanja.

Toa meza ya katikati, hasa ya kioo. Mtoto mmoja asimame, anyooshe mikono pande zote na azunguke: asiguse kitu wala mtu. Kinect inataka mchezaji mmoja asimame kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, wawili mita 2.4. Sebule yako ikiwa ndogo kuliko hapo, rudi kwenye Wii.

Sakafu ya karo na soksi havipatani. Wacheze miguu mitupu. Tazama na juu: mtoto wa miaka 12 akiruka na mkono umenyooka anafikia balbu inayoning'inia.

3. Unganisha.

Wii inatoka na waya wa rangi tatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Televisheni nyingi mpya hazina tundu la njano. Nunua kigeuzi kidogo cha kwenda HDMI, kinachomekwa nyuma ya Wii moja kwa moja.

Kile kijiti cheusi chembamba chenye waya kinachokuja na Wii kiweke katikati, juu au chini ya skrini, kisha kwenye menyu iambie mashine umekiweka wapi. Watu hudhani kijiti hicho kinatuma habari. Hakitumi kitu: ni taa tu ambazo jicho halizioni, na manete ndiyo inayozitazama. Wapo wanaoweka mishumaa miwili mahali pake ikafanya kazi. Ni kweli, inafanya kazi. Usifanye hivyo mahali watoto wanaruka.

4. Kamba mkononi, kila mara, kila mtu.

Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya Wii kuanza kuuzwa, Nintendo ililazimika kutangaza kubadilisha kamba zaidi ya milioni 3 kwa sababu zilikuwa zinakatika na manete zinaruka. Kwa hiyo kagua kamba ya mkono wa pili: ivute kwa nguvu. Ikiwa imechakaa, shona utepe imara. Kaza kwenye kifundo cha mkono, na mikono yenye jasho ipanguswe katikati ya mchezo. Kwangu sheria ni fupi: hakuna kamba, hakuna zamu. Hata mgeni. Hata mjomba aliyekuja na soda.

5. Anza wewe.

Usimkabidhi mtoto manete ukaenda kupumzika. Siku ya kwanza cheza wewe, tena cheza vibaya. Mtoto akimwona papa anahema na kukosa mpira, atakuja mwenyewe kukufundisha. Kwetu aliyewasha moto ni kambo wao, yaani bibi yao, mama yangu. Alikuwa amekaa pembeni akichambua sombe, akaomba ajaribu boulingi mara moja tu. Akaangusha vigingi vyote kumi kwa mpigo wa kwanza. Bukari (ugali wetu) siku hiyo ilichelewa.

Kwa miezi miwili ya kwanza lazima mtu mzima awepo uwanjani walau mara tatu kwa wiki. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Lawama inapewa mashine.

6. Chagua mchezo kwa kupima pumzi.

Usiamini picha ya kwenye jalada. Mtoto akiwa katikati ya mchezo, mwambie aimbe wimbo wowote anaoujua. Akiuimba bila shida, mchezo ni mwepesi. Akiweza kuongea lakini wimbo unamkatikia njiani, hapo ndipo unapomtaka. Akishindwa hata kujibu jina lake, mpumzishe.

Kwa kipimo hicho, ndani ya Wii Sports ngumi zinaongoza. Tenisi inafuata, lakini kama wanacheza wawili na wanasogeza miguu. Besiboli ni kusubiri kwingi. Boulingi na gofu ni mapumziko. Ziweke mwanzoni na mwishoni. Michezo ya dansi ni mizuri karibu yote, mradi miguu nayo icheze.

7. Ziba njia ya udanganyifu.

Hili linataka maneno mengi kidogo, kwa sababu halisemwi na muuzaji yeyote.

Wiki ya pili nilirudi kutoka kazini nikamkuta mtoto wangu wa kati anacheza tenisi. Amekaa. Mguu mmoja juu ya mkono wa kochi, sahani ya karanga mapajani, na manete anaitikisa kwa kifundo cha mkono tu, tik, tik, kama mtu anayefukuza inzi. Alikuwa anashinda. Mdogo wake, aliyesimama na kurusha mkono mzima, alikuwa anashindwa na jasho linamtoka. Mashine haijui tofauti. Inasoma kasi ya manete, si mwili.

Ndiyo maana ukiweka zawadi kwa pointi za kwenye skrini, unafundisha uvivu wenye akili. Mimi nilibadilisha hivi: nilichora kwa chaki duara mbili sakafuni, hatua mbili kutoka duara hadi duara. Kila baada ya pigo, mchezaji aguse duara la pili kwa mguu ndipo arudi. Asiyegusa, pigo lake halihesabiwi, hata kama skrini imempigia makofi. Mwamuzi ni yule anayesubiri zamu, na hakuna mwamuzi mkali kuliko mtoto anayesubiri zamu. Anayesubiri naye hakai. Anaruka kamba au anahesabu kwa kuchuchumaa.

Kochi liligeuzwa likatazama ukuta wakati wa mchezo. Mama wa nyumba alinung'unika siku mbili, kisha akazoea.

8. Weka saa, na saa iwe fupi.

Dakika 20 hadi 30, mara nne kwa wiki, zinatosha kwa mwanzo. Mizunguko ya dakika 5, maji, badilishaneni. Si kabla ya kulala, na si mara baada ya kula bukari. Sisi tumechagua saa kumi jioni, masomo ya nyumbani yakiisha na kabla umeme haujalegea. Mtaa wako una ratiba yake ya giza, unaijua kuliko mimi. Panga kwa kuifuata.

Wa chini ya miaka 5 mwache aigize bila manete. Mkono wake ni mdogo kuliko kamba, na kwa umri huo yeye kuruka nyuma ya kaka zake kunamtosha.

9. Toa mchezo nje ya skrini.

Kuanzia wiki ya tatu, kila mchezo uwe na ndugu yake wa parselini. Mvua ikikata, tenisi inaendelea na vibao viwili na mpira wa plastiki. Dansi inaendelea kwa nzango, na hapa wasichana hawahitaji kufundishwa: wanasimama mistari miwili kutazamana, makofi, wanaruka, mguu unatupwa mbele, na pointi zinahesabiwa kwa mguu uliokutana na mwenzake. Ukitazama vizuri, ile michezo ya kukanyaga mishale iliyotokea Japani mwaka 1998 na nzango ni ndugu, ila nzango haitaki adapta.

Usiiweke nje kama adhabu, yaani "zimeni hiyo, tokeni". Waambie mzunguko wa mwisho unachezwa nje na pointi zake ni mara mbili.

Ikigoma

*Picha nyeusi na nyeupe.* Televisheni ya zamani na mashine ya nchi nyingine hazielewani mfumo wa rangi. Jaribu televisheni nyingine kabla ya kumlipa fundi.

*Manete haishikwi.* Badilisha betri kwanza, tena kwa betri za maana. Zile za bei ya chini kabisa zinakufa kabla ya zamu ya tatu. Bado? Fungua kifuniko cha betri, bonyeza kitufe kidogo chekundu ndani, kisha bonyeza chekundu kingine kilicho mbele ya Wii nyuma ya kijimlango. Subiri taa za manete zitulie.

*Mkono wa kwenye skrini unarukaruka.* Jua la dirishani. Vuta pazia, ama ondoa kioo au taa ya moto iliyo mbele ya manete.

*Kinect haimwoni mtoto.* Futa vumbi kwenye kamera kwa kitambaa kikavu. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaifunika kwa wiki moja. Angalia jua pia. Na kama Xbox yako ni ya umbo la mwanzo, Kinect inataka waya wake wa umeme, ambao wauzaji wengi hawaupeani mpaka uuulize.

*Bega au kiwiko kinauma.* Daktari mmoja wa Hispania aliandika mwaka 2007 jinsi bega lake mwenyewe lilivyomuuma baada ya kuzidisha tenisi ya Wii, na tiba ilikuwa kuuacha mchezo, pamoja na dawa ya maumivu. Mtoto apumzike siku kadhaa, akirudi abadilishe mkono na mchezo. Maumivu yakiendelea, hospitali.

*Wanagombana.* Mnao wachezaji wengi kuliko manete. Tumia saa ya jikoni, si huruma yako. Ikilia, manete inahama.

*Umeme umekatika katikati ya mchezo.* Mwamuzi anatangaza matokeo yalivyo, na mchezo unamalizikia nje au gizani kwa kuruka kamba. Usiahidi "tutarudia umeme ukirudi", maana ukirudi saa nne usiku utadaiwa ahadi.

*Wamechoka nayo baada ya wiki tatu.* Ni kawaida, kwangu ilitokea wiki ya nne. Usikimbilie kununua diski mpya. Badilishana diski na jirani, au ifiche mashine mwezi mzima. Na kama wameiacha kwa sababu wako nje wanapiga mpira mpaka magharibi, chomoa waya, toa betri kwenye manete zisije zikavuja humo, funika mashine kwa kitambaa na uiweke juu ya kabati. Novemba utaihitaji tena.